Moshi wa Tarehe Ishirini na Saba

Dar es Salaam
14 Julai 1996

Baba shikamoo,

Mimi sijambo, ila mafua ya Julai yamenipitia na mkate umepanda bei tena. Nakuandikia nikiwa na ombi, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu nyekundu.

Ofisini tumepata mradi wa miaka miwili wa kufuatilia moshi. Najua utacheka. Kuna setilaiti zinazopita juu yetu mara kadhaa kwa siku zikipiga picha, na sisi tunazipokea kwa dishi lililoko juu ya paa. Moshi wa nyasi na misitu inayoungua huonekana kama utando mweupe. Moto wenyewe, ukiwa mkubwa, huonekana kama kidoa chekundu, kwa sababu kompyuta tumeiagiza ipake rangi hiyo mahali penye joto kali. Kazi yangu ni kujua moshi umetoka wapi na unakwenda wapi. Nina miaka ishirini na sita, na nalipwa kwa kuuliza maswali ambayo nikiwa darasa la tatu uliniambia ninyamaze.

Tatizo ni kwamba picha inatazama kutoka juu, nami sijui aliye chini anaona nini. Wewe ulistaafu ualimu lakini bado unasoma kipima mvua cha shule kila siku saa tatu asubuhi, hata kiangazi. Naomba ukishamaliza ugeuke utazame kilima cha Itale, kile cha kilometa tisa kusini mashariki, uandike kama kinaonekana, kinaonekana kwa shida, au hakionekani. Nimeweka kadi tatu ndani ya bahasha, moja kwa kila mwezi.

Mwanao,
Felisita


Dutwa
2 Agosti 1996

Binti yangu Felisita,

Marahaba. Nimekuta kosa moja tu katika barua yako, nikalisamehe kwa heshima ya cheo.

Kwa hiyo Serikali imempunguza kazini bwana shamba wetu Dastan, halafu ikapata mshahara wa kumlipa binti yangu atazame moshi. Sawa. Niliwasomea barua yako wazee nje ya duka, na Mayige, mkuu wa sungusungu wanaolinda kijiji, akauliza kama hiyo setilaiti inaweza kuona ng'ombe aliyeibwa. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza.

Kadi nimeanza kuijaza. Kilima cha Itale nimekitazama miaka thelathini bila kukiona, kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake. Sasa kila asubuhi nakisalimia. Jana kilionekana kwa shida, na leo nusu ya chini imepotea, ya juu imebaki inaelea. Watu wanasema ni moshi wa mabua ya pamba. Mimi nasema bado hatujachoma mabua mengi kiasi hicho. Wewe unasemaje?

Na hilo la mabua nalo limeharibika. Unakumbuka zamani: Dastan na chama cha msingi walitangaza siku, kijiji kizima kikang'oa na kuchoma siku moja ili wadudu wasilale humo, na kila mtu alisimama mpakani na tawi bichi mkononi. Sasa tuna wanunuzi binafsi watatu, kila mmoja na mzani wake na redio yake kubwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza mabua yamekwenda wapi. Kila mtu anachoma siku anayoamka na kiberiti.

Baba yako,
Athanasi


Dar es Salaam
15 Agosti 1996

Baba shikamoo,

Mwambie Mzee Mayige kwamba ng'ombe hapana. Kila nukta ya picha yetu ni kilometa moja kwa kilometa moja. Ng'ombe wote wa Dutwa wakikusanyika wanaweza kusimama ndani ya nukta moja, na bado nisiwaone.

Lakini moshi wako nimeuona, baba. Ulipouliza nasemaje, nilirudi kwenye picha za mwanzo wa Agosti nikaanza kuufuata kinyumenyume. Siku ile nusu ya kilima ilipopotea, utando mweupe ulikuwa umelala kuanzia Shinyanga hadi Ziwa Victoria. Siku moja nyuma ulikuwa juu ya Dodoma. Siku mbili nyuma ulikuwa juu ya Ruvuma, na huko kaskazini mwa Msumbiji vidoa vyekundu vilikuwa vingi hata nikaacha kuvihesabu. Umeletwa na upepo wa kusini mashariki. Ulichokuwa unakitazama asubuhi ile, ukiwa umesimama karibu na kipima mvua, ni nyasi za Msumbiji.

Kisha nikaufuata kwenda mbele. Ukavuka Ziwa, ukaingia bonde la Kongo, ukachanganyika na moshi wa huko, na siku ya sita nikaukuta pamoja na moshi mwingine ukitoka bara upande wa magharibi, juu ya Atlantiki. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu. Mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimepata barua ya kupunguzwa kazini, maana hapa watu wakicheka peke yao siku hizi ndiyo sababu.

Endelea na kadi, na usiache hata siku moja. Barua yako na picha yangu zinalingana kuliko kadi za vituo vyetu viwili vya mkoani, ambavyo nadhani vinajaza siku saba kwa mara moja.

Felisita wako


Dutwa
8 Septemba 1996

Felisita mayu, mama yangu,

Kadi ya Agosti hiyo hapo, imejazwa siku thelathini na moja bila kuruka. Nyasi za Msumbiji zimenipa usingizi wa mang'amung'amu. Kila nikikohoa najiuliza ni ya nani.

Huku kumetokea jambo. Tarehe 27 Agosti, Jumanne, ngitili yetu iliteketea. Unaijua: lile eneo tulilolifunga tangu mvua ziishe, nyasi zisimame kwa ajili ya ndama na maksai hadi Novemba. Moto uliingia saa nane mchana na saa kumi hapakuwa na kitu. Ndama wamepelekwa kwa jamaa kule Mwanhuzi, na wengine hawatafika.

Sungusungu walikaa Jumapili ya tarehe 1. Walitaka kujua nani alikuwa na moto siku ile, na kila mtu alimtazama mwenzake. Ndipo Mayige akaniita nilete daftari langu. Unajua mimi huandika kila kitu asubuhi. Nikasoma mbele ya watu: tarehe 27, saa tatu, moshi unapanda shamba la Nyamizi, anachoma mabua. Mayige akauliza kama nilitazama na upande wa kilimani. Nikajibu nilitazama na sikuona moto mwingine. Likaisha hapo.

Nyamizi ni yule mjane aliyeolewa hapa akitokea Meatu, mwenye mbuzi, anayetambika kwa mizimu yao na haingii kanisa lolote. Shamba lake limepakana na ngitili. Alikubali kwamba alichoma, lakini akasema moto wake aliuzima, na kwamba twende tukaone mpaka wake. Watu wakasema daftari limeshasomwa. Ametozwa mtamba mmoja na ametengwa mpaka mavuno ya mahindi. Hakuna kumsalimia, kumpa moto wa kuwashia jiko, wala kuchota naye maji. Mama wa watu sasa anapita njiani huku midomo ikitembea, sijui anajisalimia mwenyewe.

Namwonea huruma, lakini nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Miaka yote wananicheka kwa kuandika sufuri ya mvua kila siku, na siku ilipohitajika kumbukumbu, ilikuwa yangu.

Sasa niambie: je, picha zako zilimwona Nyamizi? Ningependa kuwaonyesha wazee.

Baba yako,
Athanasi


Dar es Salaam
24 Septemba 1996

Baba shikamoo,

Pole kwa ngitili. Pole kwa ndama.

Uliponiuliza kama picha zilimwona Nyamizi, nilikwenda kutafuta kwa furaha, nikijua nitakutumia kitu cha kuwaonyesha wazee. Nimekaa na barua hii siku nne. Nitakuandikia nilichokiona kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha, na nisichokiona nitakuambia pia.

Tarehe 26, Jumatatu, saa nane na nusu mchana, kuna vidoa viwili vyekundu chini ya kilima cha Itale, upande wa huku kwenu. Tarehe 27, saa nane na dakika kumi, vidoa ni saba, vimepangana kutoka kilimani hadi mahali ambapo ramani inanionyesha ngitili. Upepo siku zote mbili ulivuma kutoka kilimani kuja kwenu.

Moto wa Nyamizi siuoni. Mabua ya ekari mbili ni madogo mno kwa nukta ya kilometa, kwa hiyo picha haiwezi kusema kwamba hakuchoma, wala kwamba wake haukutoroka. Inasema tu kwamba kulikuwa na moto mwingine mkubwa, tangu siku moja kabla, na ulikuwa unakuja.

Nilijiuliza iweje usiuone, wewe ambaye hata inzi akitua unamwona. Nikachukua kadi yako ya Agosti. Tarehe 25, hakionekani. Tarehe 26, hakionekani. Tarehe 27, hakionekani. Mpaka 29. Ule moshi wa Msumbiji ulikuwa umerudi, mzito kuliko ule wa kwanza, na ulifunika kila kitu zaidi ya kilometa nne au tano kutoka uliposimama; joto la moto hupenya moshi hadi kwenye setilaiti, lakini jicho halipenyi. Kwa hiyo uliwaambia kweli kwamba hukuona moto upande wa kilimani. Hukuona hata kilima.

Nakutumia picha hizo mbili zilizochapwa. Nimeweka msalaba wa kalamu mahali pa shule. Sikuambii cha kufanya, baba. Mimi ni mtoto wako na niko mbali. Ila yule mama sasa ana siku ishirini na tatu za kutengwa.

Mwanao,
Felisita


Dar es Salaam
14 Oktoba 1996

Baba shikamoo,

Kadi ya Septemba haijafika. Labda basi, labda posta. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua.

Nilidhani labda nilikosea ramani, nikapima upya mara mbili. Sikukosea. Naogopa kukuandikia hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Felisita


Dutwa
21 Oktoba 1996

Mwanangu Felisita,

Picha zilifika tarehe 3. Nilizitazama, nikaziweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, na kwa juma zima sikuimba.

Nitakuambia yote, hata yanayonitia aibu. Kwanza niliikataa picha. Nikajisemea kompyuta imechanganya kilima, binti yangu ni mgeni wa kazi, nukta ni kubwa. Nikatafuta kosa lako kama nilivyotafuta makosa katika madaftari ya watoto arobaini na watano, na sikulipata. Halafu nikaikasirikia kadi. Nilikuwa nimeijaza kwa mkono wangu, asubuhi ile ile, dakika ile ile niliyoandika habari za Nyamizi kwenye daftari. Kwenye kadi niliandika kilima hakionekani kwa sababu ni wewe uliyeniuliza kilima. Mbele ya baraza niliulizwa upande wa kilimani nikajibu habari ya moto. Vitu viwili vilikuwa kichwani mwangu na sikuvikutanisha. Nilipenda sana kuulizwa.

Tarehe 9 nikachukua baiskeli nikaenda Itale mwenyewe. Palipo na vidoa vyako viwili pana visiki vilivyoungua hadi mizizi na majivu ambayo mvua haijayagusa. Kutoka hapo nilirudi nikifuata weusi wa ardhi. Haukukatika popote. Umeshuka bonde, umeruka kijito kikavu, umeingia ngitili kwa upande wa mashariki. Nikazunguka upande wa pili, kwa Nyamizi. Kati ya shamba lake na ngitili kuna nyasi kavu zilizosimama, hazijaungua, upana wa hatua arobaini. Nilizipima mara mbili. Ndiyo mpaka alioomba twende tukauone. Sisi tuliokwenda kuzima moto tulipita njia ya upande mwingine, na baada ya hapo tulikuwa na daftari.

Alikuwa analima. Akaniona nahesabu hatua. Nilimpita bila salamu, kwa sababu kumsemesha ni kosa. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Bado nilichelewa siku kumi na moja. Sheria ya sungusungu nilikuwa naijua: aliyemtia mtu hatiani isivyo haki anabeba mzigo ule ule. Mimi ni mjane, Felisita. Tangu mama yako afariki, ninachokula ni ugali, lakini kinachonishibisha ni watu kunipitia asubuhi wakisema mwangaluka mwalimu. Nilijaribu kukadiria miezi. Nikaona Nyamizi naye anakadiria.

Jana, baada ya misa, niliomba baraza. Nikaweka picha mezani, na kadi, na daftari. Walizipitisha mikononi, wengine wakizishika kichwa chini. Nikaeleza moshi wa Msumbiji, na kuna waliocheka. Nikawaambia waache picha, tutembee. Tukatembea, watu sitini, hadi kwenye zile hatua arobaini, na hapo hakuna aliyecheka.

Mayige akauliza: kama si Nyamizi, ni nani? Alitaka jina, na watu wote walitaka jina, ndama wao wamekufa. Wakanitazama mimi, kama kawaida yao. Nikasema sijui. Inaweza kuwa mrina asali, inaweza kuwa mpita njia na sigara yake. Picha haina majina. Nimesimama mbele ya watu wa Dutwa tangu mwaka 1962, na sikumbuki kama niliwahi kuwaambia sijui.

Nyamizi amefunguliwa jana hiyo hiyo na mtamba wake unarudishwa. Mimi natengwa kuanzia kesho hadi mavuno ya mahindi. Mayige alilitamka hilo akitazama miguu yake. Sikupinga. Barua hii nampa kondakta leo kwa kuwa kesho hataruhusiwa kuipokea. Kiwanja cha shule nacho siruhusiwi kukanyaga, kwa hiyo kadi zako zitakuwa na pengo, na hilo ndilo linaloniuma kijinga kuliko yote.

Usije. Ukija wakakuona umenisalimia watakutoza na wewe.

Baba yako,
Athanasi


Dar es Salaam
4 Novemba 1996

Baba,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa kesho, na kwa keshokutwa. Nitakuwa naandika kila Jumatatu, na kila barua nitaweka shikamoo saba, uzitumie moja moja kwa siku.

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za ofisi nikalia mbele ya watu. Nililia kwa ajili yako, na nililia kwa sababu ni mimi niliyeanza. Nilifuata moshi nchi baada ya nchi kwa udadisi tu, kwa raha yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba chini yake kuna mtu anayeadhibiwa. Najivunia wewe kiasi ambacho sijui nikiseme vipi kwa baba.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Felisita wako


Dutwa
15 Desemba 1996

Kwa Felisita binti Athanasi,

Mimi ni Nyamizi. Habari zangu unazo. Kuandika nilifundishwa na baba yako kwenye darasa la watu wazima, mwaka ule wa kampeni ya kisomo, kwa hiyo kama herufi ni mbaya mlaumu yeye.

Barua zako nne zilikuwa zimekaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyethubutu kumpelekea baba yako, naye haruhusiwi kuingia shuleni. Nilisikia watu wakizisema kisimani. Nikaenda nikazichukua, mwalimu mkuu akageuka akatazama ramani ukutani mpaka nilipotoka. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha.

Nikuambie kwanza kwamba sijamsamehe. Siku hamsini si chache. Mtu akikaa siku hamsini bila kujibiwa anaanza kusahau sauti yake. Nilikuwa nasema na mbuzi. Siku niliyofunguliwa wanawake wote kisimani walinisalimia kwa pamoja, na mimi nikajaza ndoo nikaondoka. Wakasema nina kiburi. Sikuwa na kiburi, nilikuwa nimesahau namna ya kuitikia.

Lakini nilimwona siku ile anahesabu hatua zangu arobaini. Alihesabu, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Watu wote waliokuwa na macho hawakuja, akaja yeye ambaye kuja kulikuwa kunamgharimu. Hilo nalo siwezi kulifuta.

Basi nilizipeleka barua zako. Alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nikasema mwangaluka, mwalimu. Hakujibu, maana akijibu muda wake unaongezwa. Nikaziweka juu ya jiwe nikarudi zangu. Nilipofika kwenye ua wa mnyaa nikageuka nikamwona amezikumbatia bila kuzifungua. Kesho yake nikapita tena, nikasema mwangaluka, mwalimu. Na kesho yake. Nimefanya hivyo siku tisa. Siku ya sita alitikisa kichwa kidogo, na sheria haisemi kitu kuhusu kichwa.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa kula wala wa kuugua. Ninamwona kila siku.

Juzi sungusungu waliniita. Mayige akauliza kama sijui adhabu ya kumsalimia mtu aliyetengwa. Nikasema hapa hakuna anayeijua kunishinda. Akasema basi ni mbuzi mmoja. Nikampa, dume jeupe, zuri. Nikamwambia kesho nitapita tena kwa mwalimu; nimebakiwa na kumi na saba, na mavuno ya mahindi bado mbali.

Mimi,
Nyamizi